Kinywa Kipya cha Mashine ya Nailoni

Roli la tatu lilipotolewa kwenye mashine, hata mtu asiyejua lolote kuhusu nailoni angeona kwamba lina kasoro. Lilikuwa limevimba upande mmoja kama shavu la mtu anayeumwa jino. Msimamizi alilizunguka mara mbili, akaligonga kwa kalamu, kisha akasema kwa sauti iliyotosha kufika kwenye meza zote:

"Haya, njooni mwone. Hiki ndicho kinywa tulichochongewa hapahapa nyumbani."

Mkereza alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, kipimo cha unene mkononi, weusi wa mafuta ya karakana umemkaa kwenye kucha. Alikata kipande cha nailoni, akakipima sehemu nane kuzunguka duara lake, akaandika tarakimu nane kwenye kiganja. Upande unaotazama mlango ulikuwa mnene. Upande unaotazama ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mfuko ungepasuka kabla mtu hajafika nao kwake. Alipima tena. Tarakimu zilikuwa zilezile.

Kinywa ni kile chuma kizito cha mviringo kilichokaa kwenye ncha ya mashine. Punje za plastiki huyeyushwa, husukumwa ndani yake, na hutokea juu kupitia ufa mwembamba wa duara. Hapo hewa hupulizwa katikati, na ile plastiki laini hupanda kuelekea darini kama puto refu lisilo na mwisho. Huko juu rola mbili hulibana puto likawa bapa, likashuka upande wa pili kujiviringisha kuwa roli. Ufa ukiwa sawa pande zote, nailoni huwa sawa. Ufa ukipinda hata kwa unene wa unywele, kila mtu atajua.

Kinywa cha zamani kilikuwa kimechakaa na kuvuja. Mkereza, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akikereza vyuma vya kurekebisha vitu vya wengine, ndiye aliyemwendea bosi na kumwambia kwamba kipya anaweza kukibuni mwenyewe. Alikichora nyumbani, nyuma ya kalenda za zamani, kwa miezi minne. Mifereji minane ilizunguka ndani yake kama ngazi, kila mmoja ukianza na kina kirefu na kuishia na kina kifupi, ili plastiki imwagike taratibu kuelekea mfereji wa jirani na isibaki alama mahali ilipokutana. Jumamosi walikifunga. Jumatatu wakawasha mashine. Leo ilikuwa Jumanne, na maroli matatu yalikuwa yamevimba shavu.

Kwenye meza ya ukaguzi, Mama Pacha aliendelea kukata mifuko bila kuinua uso. Mtu aliyekuwa akichekwa pale alikuwa mumewe.

"Mwenzangu," alinong'ona Chiriku, aliyekaa ubavuni mwake, tumbo lake la miezi saba likigusa ukingo wa meza. "Mwambie shemeji ajikaze. Huyu Msimamizi akipata mtu wa kumtafuna, hatemi upesi."

"Atajikaza."

"Hata hivyo, kweli limevimba."

"Nimeliona, Chiriku."

Mchana bosi alifika. Alimwacha Mkereza asimame nje ya ofisi karibu saa nzima, ingawa ndani kulikuwa na viti viwili vitupu na mlango ulikuwa wazi. Wafanyakazi wenzake waliokuwa wakimsalimia kwa "habari, fundi" siku zote, leo walimwita Mhandisi. "Mhandisi, shikamoo." "Mhandisi, tupishe kidogo." Alipoingia, bosi hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomwogopesha.

"Ulisema hatuhitaji kuagiza."

"Nilisema, bosi."

"Nikakuamini. Ndugu zangu wote wakaniambia nimerukwa na akili, nikakuamini. Sasa sikiliza. Ijumaa saa nne nitakuja kusimama pale mwenyewe. Nikikuta nailoni iko sawa, cha mashine ya pili utachonga wewe, na cha tatu pia, na karakana itakuwa yako. Nikikuta kama leo, kinang'olewa, cha zamani kinarudi na kuvuja kwake, na wewe utatafuta mahali pengine pa kukereza."

"Sawa, bosi."

"Na yale maroli mabovu uyabebe mwenyewe uyapeleke kwenye taka. Sitaki kumpotezea mtu mwingine muda."

Aliyabeba begani, moja baada ya jingine, akipita mbele ya meza za wanawake. Katika safari ya tatu mkewe alitaka kuinuka amsaidie. Mkereza alimtazama mara moja tu, na mkewe akaelewa kwamba akiinuka itakuwa aibu mara mbili. Akabaki amekaa.

 

Jioni ile, pacha mmoja aliuliza huku akichezea chakula chake, "Baba, ni kweli kinywa chako kinatema vibaya?"

"Nani kakwambia?"

"Mtoto wa mwendesha mashine. Amesema baba yake amesema."

"Kula," alisema mama yake.

"Nauliza tu."

"Uliza huku unatafuna."

Bibi yao, mama mzazi wa Mkereza, alikuwa amekaa karibu na dirisha akichambua mboga za kesho. Hakuwa amewahi kuingia kiwandani, lakini alikijua kile kinywa kuliko wafanyakazi wengi, kwa sababu ile michoro ilitandazwa miezi minne kwenye meza aliyotaka kuandalia chakula. "Kile chenye ngazi nane ndani?" aliuliza.

"Kilekile, mama."

"Na umekipima?"

"Nimekipima mpaka macho yamenikataa. Kikiwa baridi kiko sawa. Nimefungua, nimetazama mifereji, hakuna mkwaruzo, hakuna uchafu uliokwama. Nimekifunga tena. Hakuna kitu." Alisukuma sahani. "Labda nilijidanganya. Kuna watu wamesomea hii kazi. Mimi nilisoma kwa kutazama."

Mama Pacha alimtazama mikono. Siku zote ilikuwa mikono tulivu, yenye uhakika wa kila kitu inachokishika. Sasa ilikuwa ikifuta meza mahali palipokuwa safi.

"Wewe unaishika ile nailoni siku nzima," alimwambia mkewe. "Vidole vyako vinasemaje?"

"Vinasema upande mmoja mnene."

"Hilo hata Msimamizi analijua."

Alikuwa hajawahi kumjibu hivyo mbele ya watoto. Bibi akaacha kuchambua. Mama Pacha akaondoa vyombo, kimoja kimoja, polepole, ili awe na sababu ya kuwapa mgongo.

 

Lakini lile swali halikumtoka. Alhamisi alianza kukata maroli ya jana yake huku akisikiliza vidole vyake kwa makini. Kazi yake ilikuwa kupitisha kidole gumba na cha shahada kwenye ukingo wa kila mfuko kabla ya kuupanga. Baada ya miaka sita, hakuhitaji kipimo. Mnene, mwembamba. Mnene, mwembamba. Mifuko mia mbili, mia tatu, yote hivyohivyo. Kisha, katikati ya roli, vidole vyake vikasimama.

Mfuko ule ulikuwa sawa. Uliofuata pia, na uliofuata. Alikata mifuko mingi iliyokuwa sawa pande zote, laini, mizuri, kama ilivyochorwa nyuma ya kalenda. Halafu unene ukarudi upande wake.

Akavuta roli lililotolewa Jumanne mchana, ambalo lilikuwa bado halijapelekwa kwenye taka. Ndani yake akakuta kitu kilekile: tabaka kadhaa nzuri, zimebanwa katikati ya mbovu. Akamwendea mwendesha mashine.

"Shemeji, katikati ya roli ulirekebisha nini?"

"Sijarekebisha kitu. Kwa nini?"

"Katikati pametulia."

Mwendesha mashine alikuna kichwa. "Katikati hapo ni saa saba. Nyinyi mmekwenda kula, mimi nimebaki na mkate wangu. Mashine inajiendea yenyewe. Labda hainipendi nikiisogelea."

Saa saba. Mama Pacha alirudi mezani, na saa saba ilipofika hakutoka na wenzake. Alijifanya anatafuta kiatu chini ya meza. Akamwona Msimamizi akija na mnyororo wake, akiuvuta mlango mkubwa wa pembeni na kuufunga kwa kufuli, kwa sababu bosi alikuwa na hofu kwamba wakati wa chakula mali itatoka kwa miguu. Upepo ukakatika. Vumbi likatua. Na lile puto refu, lililokuwa limeegemea ukuta kidogo asubuhi nzima kama mtu anayepitwa na gari kubwa, likasimama wima.

Alikaa chini palepale alipokuwa.

Mlango ule ulikuwa umefungwa miaka yote. Ijumaa ya wiki iliyopita Chiriku alianguka kwenye joto la mashine, akagonga kichwa kwenye mguu wa meza, na alipozinduka wanawake kumi na wawili walisimama, wakakataa kukaa mpaka mlango ufunguliwe. Ilikuwa mara ya kwanza kwao kukataa kitu. Bosi alikubali shingo upande. "Kitu kimoja kikiharibika kwa sababu ya mlango huu," alisema, "unafungwa, na atakayelalamika ataufuata nje." Jumatatu ukafunguliwa, asubuhi ileile kinywa kipya kilipowashwa. Upepo ulipitia kwenye puto kwanza, ukapoza upande mmoja wa plastiki kabla haujatanuka, ndipo ukafika mezani kwao.

Chiriku alirudi kutoka kula, akajishusha kwenye kiti kwa mikono miwili. Msimamizi alipofungua mlango, Chiriku alifumba macho na kuupokea upepo usoni.

"Mwenzangu, huu upepo unanirudishia roho," alisema. "Hata huyu humu ndani anajua. Ukiingia tu, anageuka." Akafumbua jicho moja. "Mbona umepauka? Umekula kweli?"

"Nimekula," alidanganya Mama Pacha.

 

Alimngoja mumewe nyuma ya nyumba, alipokuwa akinawa, akamweleza yote huku akitazama ndoo. Kisha Mkereza akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo kilichokatika katikati, na alipoinua uso mkewe aliona macho yake yamelowa, na si kwa maji ya kunawa.

"Kwa hiyo kiko sawa."

"Kiko sawa, Baba Pacha. Kilikuwa sawa tangu mwanzo."

"Saa saba kiko sawa." Alikuwa tayari anatafuta shati. "Bosi hajatoka ofisini bado. Nikiwahi..."

"Ukimwambia nini?"

"Kwamba ni mlango."

Mkewe aliendelea kutazama ndoo. Yeye akasimama, mkono mmoja kwenye mkono wa shati.

"Tutaweka pazia," alisema. "Nailoni yenyewe tunayo. Tunaning'iniza pazia kati ya mlango na mashine, upepo unapita pembeni."

"Unamfahamu bosi kuliko mimi. Ukitaja mlango tu, dawa ya kwanza ni kufuli. Pazia litatakiwa kufikiriwa. Kufuli lipo tayari, na Msimamizi anatembea nalo mfukoni."

"Basi waufunge. Miaka yote ulikuwa umefungwa, si mlikuwa mnaishi?"

"Tulikuwa tunaishi," alisema. "Chiriku ana miezi saba."

"Na mimi nina nini?" Sauti ilimpanda, akaishusha, kwa sababu ya watoto. "Nimebeba taka mbele yako. Wananiita Mhandisi. Kesho saa nne nafukuzwa kwa kosa ambalo sikulifanya, na unataka ninyamaze ili watu wapate kupepewa?"

"Sijasema unyamaze. Ningetaka unyamaze, nisingekwambia."

Hilo lilikuwa kweli. Mkereza akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama Pacha alitamani kumgusa bega na hakuthubutu. Alijua amempa kitu kizuri kwa mkono mmoja na kukishikilia kwa mwingine.

Mumewe aliuliza, akiwa anaitazama mikono yake, "Upande wa mlango ndio mnene?"

"Ndio."

"Kwa kiasi gani? Usinipe maneno. Nipe vidole."

Akainua kidole gumba na cha shahada, akavibana, kisha akaviachia kidogo sana. Mumewe aliinama akatazama ule mwanya kama anavyotazama kipimo.

 

Saa nne bosi alisimama pale, kama alivyoahidi, mikono nyuma. Msimamizi alisimama karibu yake kwa uso wa mtu aliyealikwa harusini. Roli la asubuhi lilikuwa sakafuni, limevimba shavu lilelile.

"Sioni tofauti," alisema bosi.

"Bado sijaanza, bosi."

"Siku tatu hujaanza?"

"Nimejua tatizo jana."

"Haya. Tatizo ni nini?"

Mkereza alitazama mlango. Ulikuwa wazi mpaka mwisho, na upepo wa asubuhi ulikuwa ukiingia kwa nguvu. Kwenye meza zote mikono ilisimama. Kama angesema, Mama Pacha asingemlaumu. Alikuwa ameshajiambia hivyo njia nzima, na sasa alijaribu kujiambia tena.

"Ni bolti," alisema Mkereza.

"Bolti zipi?"

"Zinazoshika ukingo wa nje wa kinywa. Ufa haujakaa katikati."

Msimamizi alicheka puani. "Yaani kimepinda. Si ndivyo tulivyosema tangu Jumanne?"

Mkereza alivaa glavu nene, akapanda ngazi ndogo. Joto la kinywa lilimpiga usoni. Jasho lilimtiririka na kudondoka juu ya chuma, likachemka na kutoweka. Bolti nane zilizunguka ukingo. Aliiweka spana kwenye bolti ya upande wa mlango, akatulia. Ule ufa aliukereza kwa wiki sita. Aliupima kila alfajiri kabla chuma hakijapata joto, akaufuta kwa kipande cha shaba na kitambaa, hakuruhusu mtu mwingine aushike. Ulikuwa katikati kabisa. Hakuwahi kutengeneza kitu kilichokuwa katikati namna ile.

Akakaza, ufa ukabanwa upande ule. Robo ya mzunguko, kisha nusu ya robo. Akakaza bolti mbili za jirani. Akazunguka upande wa ukuta, akalegeza. Puto lilitikisika, likayumba, mwendesha mashine akarekebisha hewa, likatulia.

"Tungoje," alisema akishuka.

Walingoja. Nailoni iliyobadilika ilipaswa kupanda mpaka darini na kushuka tena, na hakuna wa kuiharakisha. Bosi alitazama saa mara tatu. Kisha Mkereza akakata kipande, lakini hakukipima. Alikipeleka kwenye meza ya ukaguzi, akakiweka mbele ya mkewe.

Mama Pacha alipitisha vidole vyake, akazunguka duara zima, polepole. Alirudia. Akainua uso.

"Iko sawa," alisema.

Bosi alitaka kipimo pia. Kipimo kikasema vilevile. Alikunja kile kipande, akakitia mfukoni, akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Kwa hiyo ulikifunga vibaya."

"Ndiyo, bosi."

"Siku nne na maroli kumi na moja kwa sababu ulikifunga vibaya."

"Ndiyo, bosi. Na kitahitaji kuangaliwa kila asubuhi. Nitakuja mwenyewe kukirekebisha kabla ya kazi."

"Kila asubuhi?" Bosi alitikisa kichwa, bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sikiliza. Kazi yako ipo. Una mikono mizuri, sikatai. Lakini cha mashine ya pili tutaagiza. Siwezi kuweka kiwandani vinywa vitatu vya kulelewa."

Aliondoka. Msimamizi akamfuata. Alipopita mlangoni aliutazama mnyororo uliokuwa ukining'inia kwenye komeo, akauacha ulivyo.

Chiriku aliegama, akamgusa Mama Pacha kiwiko. Alikuwa anatabasamu kwa furaha ya kweli, nywele zimempepea usoni.

"Si nilikwambia atajikaza? Ila mwenzangu, tusidanganyane, kumbe alikuwa amekosea kweli. Mwambie siku nyingine afunge vizuri, asitutie presha."

"Nitamwambia," alisema Mama Pacha, akavuta roli jingine.

 

Jioni bibi alikuwa amewanyamazisha watoto mapema na kuweka kiti cha mwanawe karibu na dirisha. Alimngoja akae, akamngoja anywe chai nusu kikombe.

"Wamekufukuza?"

"Hapana, mama. Nimebaki."

"Mungu ashukuriwe. Na kile kingine, cha mashine ya pili?"

"Hicho wanaagiza."

Mama Pacha alikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Hakuingia wala hakutoka.

"Wamesemaje kuhusu chako?" aliuliza bibi.

"Wamesema kilikuwa kimepinda."

Bibi alimtazama mwanawe, kisha akamtazama mkwewe, kisha akamtazama tena mwanawe. Alikuwa ameishi na ile michoro miezi minne.

"Na kilikuwa kimepinda?"

Mkereza alizungusha kikombe mezani, kidogo, robo ya mzunguko, kisha nusu ya robo.

"Hapana," alisema. "Sasa ndiyo kimepinda."